Siku ya mazoezi Augusta: mwongozo kamili kwa shabiki anayekwenda kuwatazama wachezaji kabla ya Masters kuanza

Kila mwaka, katika juma la kwanza kamili la mwezi wa Aprili, wachezaji bora wa gofu duniani hukusanyika katika klabu ya Augusta National, jimboni Georgia nchini Marekani, kwa ajili ya Masters, mashindano yaliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1934. Mashindano yenyewe huanza Alhamisi na kumalizika Jumapili, lakini watazamaji huingia uwanjani tangu Jumatatu, na siku hizo tatu za mwanzo ndizo siku za mazoezi. Wako wanaozihesabu kuwa siku za waliokosa tiketi ya mashindano, nami sikubaliani nao. Alhamisi ikifika kila mpigo huhesabiwa, na mchezaji hupiga mpira mmoja, akaufuata na kupotea kilimani. Siku ya mazoezi hupiga mipira mitatu kutoka mahali palepale, humuuliza kedi wake, yaani mbeba fimbo zake, hurudi hatua mbili nyuma na kujaribu tena, na shabiki aliyesimama pembezoni mwa kamba humwona akifikiri. Anayetaka kuelewa gofu ya kiwango hiki inavyopangwa hujifunza zaidi siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote ya juma, ilimradi ajiandae, kwa kuwa Augusta ina taratibu kali na asiyezijua hupoteza nusu ya siku, au hutolewa nje kabisa.

Kwa mashabiki wa Afrika Mashariki uwanja huu si wa mbali kama ramani inavyoonyesha. Mabingwa watatu wa Masters walishinda Kenya Open kabla ya kuvaa koti la kijani analopewa mshindi wa Augusta: Seve Ballesteros alishinda Kenya mwaka 1978 na Augusta mwaka 1980 na 1983, Ian Woosnam alishinda Kenya mwaka 1986 na Augusta mwaka 1991, na Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda Kenya mwaka 2000, kisha Augusta mwaka 2008. Aliyezoea kuwafuata wachezaji chini ya miti ya Muthaiga au Karen, viwanja vya gofu vya Nairobi, anayo tayari sehemu ya ujuzi atakaouhitaji.

Hatua ya kwanza: kuomba tiketi

Hakuna dirisha la kuuzia tiketi langoni. Tiketi za siku za mazoezi hutolewa kwa droo, na maombi hupokelewa mtandaoni katika tovuti rasmi ya tiketi za Masters mwezi wa Juni, takriban miezi kumi kabla ya mashindano. Kuomba hakulipiwi. Mwombaji hufungua akaunti, huandika anwani yake halisi, huchagua siku anazozitaka na idadi ya tiketi, ambayo kwa siku za mazoezi haizidi nne, kisha husubiri majibu ambayo kwa kawaida hufika kwa barua pepe katikati ya mwaka. Aliyebahatika ndiye hulipa. Kwa mashindano ya 2025 tiketi moja ya mazoezi iliuzwa dola 100, kiasi ambacho ni kidogo ukilinganisha na bei zinazotajwa na wauzaji wa mitaani na wa mtandaoni.

Kuhusu wauzaji hao, ushauri wangu ni mmoja: usinunue kwao. Klabu hukataza uuzaji wa tiketi zake kwa mtu wa tatu, na ina haki ya kuifuta tiketi iliyopatikana kwa njia hiyo hata kama mwenye nayo alilipa kwa nia njema. Mtu anayesafiri kutoka Dar es Salaam, Muscat au hata Minneapolis hawezi kuweka gharama ya safari nzima juu ya karatasi ambayo inaweza kukataliwa langoni. Aidha, kila kaya iwasilishe ombi moja tu, kwani maombi yanayorudiwa kutoka anwani moja hufutwa. Njia halali ya kuongeza nafasi ni kuomba siku zote tatu, na kukubaliana na ndugu au rafiki anayeishi nyumba nyingine kwamba yeyote atakayepata amkumbuke mwenzake.

Hatua ya pili: kuchagua siku

Jumatatu wachezaji wengi huwa ndiyo kwanza wamefika, na wanaocheza Augusta kwa mara ya kwanza huutembea uwanja polepole wakiandika katika vijitabu vyao. Jumanne ndiyo siku ya kazi. Karibu wote wapo, hucheza mashimo tisa au kumi na nane (shimo ni kipande cha uwanja kutoka mpigo wa kwanza hadi tundu la mpira) kwa makundi waliyojichagulia wenyewe, na mara nyingi utakuta bingwa mkongwe akimwonyesha kijana wa nchi yake mahali ambapo mpira haupaswi kuanguka. Jioni ya siku hiyo mabingwa wa zamani hula pamoja, desturi iliyoanzishwa na Ben Hogan mwaka 1952, kwa hiyo usitarajie kuwaona uwanjani hadi jua kuzama.

Jumatano hugawanyika sehemu mbili. Asubuhi kuna mazoezi mafupi kwenye uwanja mkubwa, na kuanzia mchana huchezwa shindano la mashimo tisa mafupi katika uwanja mdogo ulio kando, uliojengwa kuzunguka mabwawa mawili. Shindano hilo lilianza 1960 na mshindi wake wa kwanza alikuwa Sam Snead. Wachezaji huwavalisha watoto, wake na wazazi wao ovaroli nyeupe za makedi, na mara nyingine huwaachia wapige mpira wenyewe. Mwaka 2018 mjukuu wa Jack Nicklaus, aliyekuwa akimbebea babu yake mfuko, aliombwa apige shimo la tisa, na mpira wake ukaingia kwa mpigo mmoja. Hadi mashindano ya 2025, hakuna aliyeshinda shindano la Jumatano akashinda na Masters mwaka uleule.

Mwenye watoto au mwenye hamu ya kuona nyuso za furaha achague Jumatano, akijua kwamba nafasi kuzunguka uwanja mdogo ni finyu na huwahiwa. Mwenye hamu ya gofu yenyewe achague Jumanne.

Hatua ya tatu: safari na malazi

Augusta ina uwanja mdogo wa ndege, lakini wageni wengi kutoka ng'ambo hushuka Atlanta, ambako ni mwendo wa takriban saa mbili na nusu kwa gari kupitia barabara kuu ya I-20 kuelekea mashariki. Malazi mjini Augusta hupanda bei sana juma hilo. Wenyeji wengi hukodisha nyumba zao na kuondoka, na shule za eneo hilo hupanga likizo yao ya majira ya kuchipua iangukie juma la Masters. Kwa anayekaa siku moja ni nafuu zaidi kulala katika mji wa jirani, kwa mfano Aiken au Columbia katika jimbo la South Carolina, au katika miji midogo iliyo njiani kutoka Atlanta, na kuondoka alfajiri. Maegesho ya watazamaji karibu na uwanja hayalipiwi, jambo lisilo la kawaida katika michezo ya Marekani, na watumishi walio barabarani huelekeza magari.

Anayehitaji viza asingoje. Kati ya kupata majibu ya droo na Aprili kuna miezi isiyofika kumi, na miadi ya mahojiano katika balozi huweza kuchukua sehemu kubwa ya muda huo. Masharti hutofautiana kwa pasipoti na hubadilika, hivyo yasomwe katika tovuti ya ubalozi wa Marekani katika nchi yako kabla ya kulipia ndege.

Hatua ya nne: cha kubeba na cha kuacha

Simu ya mkononi hairuhusiwi ndani ya uwanja siku yoyote, iwe imezimwa au imewashwa. Hili ndilo sharti linalowashtua wageni zaidi ya yote, na halina msamaha: anayekutwa nayo hutolewa. Iache ndani ya gari au hotelini, pamoja na kompyuta ndogo na vifaa vyote vya aina hiyo, na saa janja nayo iache, kwani saa ya kawaida inatosha. Ndani ya uwanja kuna simu za bure za kupigia, kwa hiyo andika kwenye karatasi namba mbili tatu muhimu, kwa sababu wengi wetu hatuzikumbuki tena kichwani.

Tafakari matokeo ya sharti hilo kabla hujaondoka. Hutakuwa na ramani, tochi, malipo ya simu wala ujumbe wa "mko wapi?". Kwa sababu hiyo beba kadi ya benki, andika namba au herufi ya eneo ulipoegesha gari, na mkubaliane na wenzako mahali na saa ya kukutana iwapo mtapotezana. Mwaloni mkubwa ulio nyuma ya jengo la klabu hutumika sana kwa shughuli hiyo kwa kuwa kila mtu huujua. Wanaosubiri habari zako nyumbani waambie mapema kwamba hutapatikana mchana kutwa.

Kamera ya picha tulivu, kwa upande mwingine, inaruhusiwa siku za mazoezi na hairuhusiwi kabisa kuanzia Alhamisi. Hii peke yake ni sababu tosha ya kuipenda siku ya mazoezi. Azima kamera kama huna, ijaribu nyumbani, weka kadi ya kumbukumbu tupu, na ujue kwamba kupiga video kumekatazwa. Kamera yenye sauti ya kubofya isitumike mchezaji anapoinua fimbo.

Mfuko wako usizidi inchi 10 kwa 10 kwa 12, yaani takriban sentimita 25 kwa 25 kwa 30. Chakula na vinywaji kutoka nje havipiti. Viti vyenye mikono ya kuegemeza havipiti pia. Kiti kidogo cha kukunja cha aina inayokubaliwa huuzwa dukani ndani ya uwanja. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, kwa maana uwanja huu ni wa vilima kuliko televisheni inavyoonyesha: kutoka mwanzo wa shimo la 10 hadi mwisho wake ardhi hushuka takriban mita 30, na ulichokishuka asubuhi lazima ukipande jioni. Asubuhi za Aprili huwa na baridi na mchana jua huwaka, kwa hiyo vaa nguo za tabaka, kofia, na mafuta ya kukinga jua. Wenye mzio wachukue dawa zao, kwani chavua ya misonobari hutanda kila mahali majira hayo.

Mvua nayo ni ya kufikiriwa. Jumatatu ya Aprili 7, 2025, mvua na hatari ya radi zilisimamisha mazoezi kabla ya adhuhuri na watazamaji wakatolewa. Koti jepesi la mvua libebwe, na ving'ora vikilia uondoke bila kubishana, maana chini ya misonobari mirefu si mahali pa kungojea radi.

Hatua ya tano: saa za kwanza ndani ya uwanja

Fika langoni kabla halijafunguliwa. Ukaguzi ni kama wa uwanja wa ndege, na foleni ya saa moja asubuhi huenda haraka kuliko ya saa tatu. Ukishaingia, usikimbie, kukimbia kumekatazwa, na watumishi watakurudisha kwenye mwendo wa kawaida kwa upole lakini bila kuchoka.

Hapo kuna uamuzi wa kufanya: duka au uwanja. Kofia, fulana na bendera nyingi za Masters huuzwa hapo tu, na foleni ya duka hurefuka kadiri siku inavyosonga, hivyo wengi huanza nalo. Mimi hupendekeza kuanza nalo iwapo una orodha iliyoandikwa na bajeti iliyokatwa, kisha kukabidhi mzigo sehemu ya kuhifadhia au kuutuma kwa posta kutoka hapohapo. Asiye na orodha aende uwanjani kwanza, maana asubuhi nyasi bado zina umande na watu ni wachache. Pitia pia mbele ya jengo la klabu, kwenye bustani ya maua yenye umbo la ramani ya Marekani, ambako wapiga picha wa klabu huwapiga watazamaji picha bila malipo siku za mazoezi.

Hatua ya sita: njia ya kutembea

Uwanja una mashimo 18 na urefu wa yadi 7,555 kwa kipimo cha 2025, yaani karibu kilomita 7, na kila shimo lina jina la mmea, kwa kuwa ardhi hii ilikuwa kitalu cha miti na maua kabla waanzilishi wa klabu, Bobby Jones na Clifford Roberts, hawajaigeuza kuwa uwanja wa gofu pamoja na mbunifu wa viwanja Alister MacKenzie. Kuutembea wote inawezekana, lakini anayejaribu kuona kila kitu huishia kuona migongo ya watu. Njia ninayoipendekeza ni hii.

Anza juu, shimo la 10, na uteremke nalo polepole. Fuata la 11 hadi ufike nyuma ya tii ya shimo la 12, yaani mahali pa kupigia mpigo wa kwanza. Hapo kuna stendi na mteremko wa nyasi, na mbele yako umo moyo wa Augusta: grini ya 11 kushoto (grini ni eneo la nyasi fupi lenye tundu na bendera), shimo la 12 lenye yadi 155 tu ng'ambo ya kijito cha Rae's Creek, na mwanzo wa shimo la 13. Watazamaji hawavuki kijito, kwa hiyo hapo ndipo karibu zaidi utakapofika. Keti saa nzima. Upepo wa pembe hiyo huzunguka, na utawaona wachezaji wakitazama bendera ya 11 na ya 12 zikielekea pande tofauti, wakibadilisha fimbo, wakipiga mpira wa pili na wa tatu ili kupima. Angalia mipira iangukayo kwenye kingo za mbele za grini jinsi inavyorudi majini, na utaelewa kwa nini karibu kila mtu huelekeza katikati hata bendera ikiwa kulia.

Kutoka hapo fuata la 13, kisha 14 na 15, hadi kilima kilichoko kushoto mwa shimo la 16. Ni shimo la yadi 170 ambalo karibu lote ni bwawa, na ndilo lenye desturi inayopendwa kuliko zote za siku za mazoezi. Mchezaji akishapiga mpigo wake wa kawaida, umati humwomba aurushe mpira juu ya maji. Husogea hadi ukingo wa bwawa, huupiga mpira chini kwa fimbo ndefu, na mpira hurukaruka juu ya maji kama kijiwe cha watoto ziwani, ukapanda ukingo na kubingirika kwenye grini. Vijay Singh mwaka 2009 na Martin Kaymer mwaka 2012 walipiga hivyo na mpira ukaingia shimoni. Kutoka kilima hichohicho utaona pia grini ya shimo la 6 na ya shimo la 15, na kwa hakika sijui kiti bora zaidi cha kupumzikia mchana.

Hatua ya saba: nini cha kutazama

Usimtazame mchezaji akishapiga tu. Mtazame anapofika kwenye grini. Siku ya mazoezi kijiti cha bendera huwa mahali pamoja, lakini mchezaji hakijali sana. Utamwona akiweka alama au kurusha mpira kwa mkono kuelekea kona nne za grini, ambazo ni mahali bendera imewahi kuwekwa miaka iliyopita na ambapo atarajia itawekwa tena. Katika shimo la 16 wengi hupiga juu ya mteremko upande wa kulia na kuuacha mpira ushuke wenyewe kuelekea kona ya chini kushoto, mahali bendera huwa Jumapili. Aliyeona hilo Jumanne atazitazama saa za mwisho za mashindano kwa jicho jingine.

Tazama makedi pia. Wote huvaa ovaroli nyeupe na kofia ya kijani, na jina la mchezaji huandikwa mgongoni, hivyo huhitaji programu kumtambua anayekuja. Namba 1 kifuani ni ya kedi wa bingwa mtetezi.

Kisha, alasiri, panda urudi kwenye eneo la mazoezi lililo upande wa barabara ya Washington. Lilifunguliwa 2010, lina stendi, na hapo utawaona wachezaji watatu au wanne kwa wakati mmoja wakipiga mpigo uleule mara ishirini. Wengi wa watazamaji huwa bado wako bondeni, nawe utapata nafasi.

Saini, chakula na adabu

Saini huombwa siku za mazoezi pekee, na si uwanjani; mahali pake ni upande wa barabara ya Washington wa jengo la klabu, pamoja na eneo hilo la mazoezi. Leta kalamu yako yenye wino usiofutika, tamka jina la mchezaji kwa heshima, na umpishe mtoto aliye nyuma yako. Asiyesimama mwache aende, kwani huenda ana kazi ambayo haijaisha.

Chakula ni cha bei ya zamani. Sandwichi ya jibini na pilipili tamu, na ile ya mayai, ziliuzwa dola 1.50 kila moja mwaka 2025, na soda dola 2. Waislamu na wasiokula nguruwe wataona kwamba sandwichi hizo mbili hazina nyama, ila ya nyama choma ni ya nguruwe. Kula kabla ya saa sita au baada ya saa nane, na kunywa maji mara kwa mara.

Kiti ulichokiacha mahali pake hakitaondolewa; wengine wanaweza kukikalia usipokuwepo, nao huinuka ukirudi bila neno. Nyamaza mchezaji anapojiandaa, hata kama ni mpira wa mazoezi wa nne. Mwaka 1967 Bobby Jones aliandika maelezo kuhusu mwenendo wa watazamaji, akisisitiza kwamba kushangilia kosa la mchezaji hakufai, na maelezo hayo bado huchapwa kwenye karatasi wanazopewa watazamaji.

Kutoka

Umati mkubwa huondoka kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni. Aliyewahi au aliyekawia hutoka kwa urahisi. Aliye katikati hukaa barabarani. Kabla ya kupita lango, hakikisha umechukua mzigo uliouhifadhi, kamera iko mfukoni, na kila mwenzako amefika chini ya mwaloni, kwa sababu hakuna simu ya kumtafutia. Kisha soma karatasi uliyoandika eneo la gari, na ukishafika hotelini weka kwenye kalenda tarehe ya Juni ambapo maombi ya mwaka unaofuata hufunguliwa.